Vidole Viwili

Asubuhi mafundi wawili waashi waligombana, kila mmoja akafunga uzi wake wa kunyooshea ukuta, ajenge kivyake toka upande wake, wakutane katikati. Shomvi alipokwenda kunawa, Kibwana alikisogeza kigingi cha uzi wa mwenzake vidole viwili tu.

Adhuhuri kuta zikakutana, zikapishana kama watu wasiosalimiana.

Bi Riziki, msimamizi wao, alipima mara moja. "Shomvi, macho yako yamezeeka. Vunja."

Kibwana aliinama, akaendelea kukoroga saruji yake.

Shomvi hakubisha. Alivunja upande wake wote, akayakwangua matofali saruji moja moja, taratibu, kisha akamsogelea Kibwana.

"Niwie radhi, ndugu yangu, nimekurudisha nyuma. Hebu nishikie uzi. Macho yangu siyaamini tena."

Kibwana akashika ncha. Shomvi akachuchumaa upande wa pili, akafumba jicho moja.

"Mbona unatetemeka? Upepo?"

"Upepo," Kibwana alijibu.

Shomvi aliinua uso, akazitazama nguo za jirani zilizoanikwa uani, zimetulia tuli. Kisha akaurudia uzi, akautazama mpaka ulipoishia, mkononi mwa Kibwana.