Fuko Asomewa Mtihani

Wanyama walipokuwa bado na chuo kikuu chao, Fuko, kipofu tangu kuzaliwa, alifika kwenye mtihani wa mwisho. Akishindwa, anarudi kwao kuchimba mashimo. Akamwambia Mwalimu Korongo bila kujikunyata, "Nisomee maswali, nikujibu kwa mdomo. Majibu ninayo."

Nyani, bingwa wa kuchungulia karatasi za wenzake, akabweka, "Upendeleo huo! Na mimi nisomewe!"

"Msomee, Mwalimu," Fuko akasema.

Wakaingizwa mmoja mmoja, wakasomewa maswali yaleyale. Fuko akaongoza chuo kizima. Nyani akapata sifuri, akaja juu: "Mwalimu, mbona ulisoma maswali tu, majibu hukusoma?"

"Hata mimi nilisomewa hayohayo, bwana mdogo," Fuko akasema, akanyanyua pua, akaenda kuvaa joho lake.