Nungunungu Aliyepiga Hesabu Bila Mvua

Hapo kale, mvua ilipokuwa na maringo, Nungunungu, bingwa wa hesabu kwa kujisifu mwenyewe, alitafuta mbegu.

Fisi akamwambia, "Chukua pishi moja, urudishe tatu, inyeshe isinyeshe."

Kanga akasema, "Kwangu riba ni haramu. Mbegu zangu, jasho lako. Tukivuna tugawane nusu kwa nusu, tukikosa tukose sote."

"Nivune pishi mia nikupe hamsini? Mnyonyaji mkubwa!" Nungunungu akacheka, akakopa kwa Fisi.

Mvua haikunyesha. Fisi alikuta ghala tupu, akamng'oa miiba yote.

Njiani Panya akamdhania panya mkubwa wa ukoo wake, akamwamkia, "Shikamoo, mjomba!"

Nungunungu akajitazama, akaangua kicheko. "Marahaba, mpwa wangu. Hesabu zote nilizipiga, mvua tu ndiyo sikuiuliza."