Nyota za Siwema

"Nyota gani, Siwema? Hiyo ni sabuni ya kufulia!" Tunu alikuwa ameinamia hadubini, anacheka.

"Wivu tu, shoga. Seli zangu zinang'aa, na Dokta Mwatima anakuja kuziona sasa hivi."

"Mbona hazisogei? Kitu hai hutambaa. Kile kioo chembamba ulichowekea seli ulikifuta na nini?"

Siwema akajitazama kiunoni. Alikuwa amekifuta kwa pindo la kanga yake iliyofuliwa jana. Tunu akalivuta pindo chini ya taa ya zambarau ya hadubini. Nyuzi zenye mabaki ya sabuni zikameremeta buluu, nyota zile zile.

"Haya, mwite Dokta aje aone kanga."

Viatu vikasikika ngazini. Siwema alicheka mpaka machozi, akakitupa kile kioo pipani. Alichukua kipya kwa kibano, akakiosha kwa spiriti, akakisuuza na kukiacha kikauke chenyewe. Kisha akadondosha juu yake seli zilizobaki kwenye chupa.

"Hodi! Nyota ziko wapi?"

"Zimefuliwa, Dokta. Funga mlango giza liingie, tusubiri."

Wakasubiri wote watatu, wakipokezana kwenye lenzi. Gizani, kidoa kimoja cha kijani kikanyoosha ncha, kikajivuta.