Mkono Uliolala Peke Yake

Bi Somoe alikuwa amevunjika mkono, lakini alichoogopa zaidi ni kulazwa usingizi wakati wa upasuaji. Dada yake alilazwa hivyo, hakuamka tena.

"Hutalala, mama," daktari wa ganzi alimwambia. "Nitakuchoma sindano hapa kwapani. Mkono tu ndio utakaolala."

Baada ya nusu saa muuguzi aliinua mkono mmoja mbele ya uso wa Bi Somoe, mzito, umelegea.

"Wa nani huo?" Bi Somoe aliuliza kwa hofu.

"Si ni wako huo, mama!"

Aliutazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nyuma ya pazia lililouficha mkono alisikia keekee ya daktari wa upasuaji ikitoboa mfupa wake, wala hakuumia. Kwa mkono wake mzima alimshika daktari wa ganzi vidole, na kazi ilipokwisha alikuwa bado hajaviachia.