Bi Mwanakombo Hasemi Sijambo

Juu ya kila mlango pana sikio la Ofisi ya Bei, dogo kama kifungo cha shati, linalosikiliza watu wanavyojibu salamu. Sindano ya magoti imepanda bei mara mbili, lakini mgonjwa akisema "sijambo" huandikwa kwamba imeshuka, kwa hoja kwamba sindano mpya inaponya na ile ya zamani haikuponya, hivyo anapata zaidi kwa pesa yake. Na pensheni hufuata bei: bei ikishuka vitabuni, pensheni haipandi. Na mtu aliyefunzwa adabu husema "sijambo" hata akiwa hoi kitandani.

Bi Mwanakombo, mstaafu anayechomwa sindano hiyo, akaamua kuikosea adabu ofisi: kila salamu akaijibu "siwezi", yaani mgonjwa. Mwezi wa tatu wa majibu hayo mpimaji wa ofisi, Rukia, akaja mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Hujambo?"

"Marahaba. Siwezi."

"Mbona nimekukuta umechuchumaa unafua?"

"Kwani muuza dawa kanipunguzia kwa vile nachuchumaa? Andika: siwezi!"

Rukia aliandika, akaondoka amenuna.

Jioni akapiga simu Mishi, bintiye aliye ughaibuni. "Mama, hujambo?"

Goti halikumuuma hata chembe. Bi Mwanakombo akalikazia macho lile sikio la juu ya mlango, linalosikia kila jibu.

"Siwezi, mwanangu."

Mishi hakuwahi kumsikia mama yake akijibu hivyo. Akaangua kilio. Mama akang'ata upindo wa kanga, na neno lake hakulifuta, maana sikio lilikuwa likisikiliza.