Hatua Elfu Mbili

Sheria ya makao yetu ya wazee ni hii: mzee akitembea hatua elfu mbili kwa siku, sahihi yake ni yake. Akipungukiwa siku tatu mfululizo, mwanawe ndiye anayemwekea sahihi kwenye hati zake zote. Bangili ya mkononi inahesabu, na haidanganyiki.

Mimi Stumai, niliyekuwa mkunga kwa miaka arobaini, sijawahi kupungukiwa. Kila asubuhi nawaongoza wenzangu ukumbini, tunacheza kama tunamtoa mwali. Magoti yakilia, yalie.

Jumapili mwanangu Shomvi aliniletea kiti laini, kinachokanda mgongo chenyewe.

"Mama, umechoka. Kaa upumzike, hata siku tatu tu."

Nilikaa. Kweli, kilikuwa kitamu. Kisha nikamwuliza habari za nyumba yangu ya Kihonda.

"Ipo, Mama. Kuna mtu ameiulizia."

Nikainuka, nikakisukuma kile kiti hadi katikati ya ukumbi.

"Jamani, njooni! Mwanangu katuletea kitu cha kuzunguka!"

Tulikizunguka mpaka jasho likatutoka. Shomvi naye alitupigia makofi, tena kwa mdundo wenyewe, maana ngoma nilimfundisha mimi. Lakini macho yake hayakubanduka kwenye bangili yangu.