Sauti ya Mama Jikoni

Siku hizi kila nyumba huhifadhi sauti za marehemu wake, kwa sharti moja: zisipingane na daftari la serikali. Mama yangu, Tabutany, aliishi akiwa Mwogiek na akafa akiwa Mwogiek. Mgeni akimwita Mndorobo, lile jina la kutudharau, Mama alimnyang'anya bakuli la asali na kumwonyesha mlango.

Leo binti yangu Chelangat amekisogelea kisanduku cha sauti jikoni.

"Kogo, sisi ni watu gani?" akamuuliza bibi yake.

"Wandorobo, mjukuu wangu," Mama akajibu, kwa sauti yake ile ile, na kile kikohozi chake cha moshi.

"Si kweli!" nikafoka.

Chelangat akanitazama kwa huruma. "Lakini Mama, Kogo mwenyewe ndiye amesema."